Bila Bagalu, Bagika Wangemchezea Nani?

  Leo nataka tuzungumze juu ya mpinzani. Si yule wa siasa, huyo ana vipindi vyake. Ninamzungumzia mtu anayekufanya uamke saa kumi na moja alfajiri na kuvaa raba gizani, wakati hakuna anayekulipa na hakuna aliyekulazimisha.

Nianzie Bujora. Kila mwaka, katika majira ya sikukuu ya Ekaristi, ambayo mara nyingi huangukia mwezi Juni, uwanja wa Bujora pale Kisesa, wilayani Magu, hufurika watu waliokuja kutazama Bulabo, tamasha la ngoma za Kisukuma. Mavuno yameshaingia ndani, jembe limepumzika, na mwili ulioinamia mpunga na pamba miezi yote sasa umepata nafasi ya kutamba. Ngoma mbili zinaingia uwanjani kwa wakati mmoja. Bagika huku, Bagalu kule. Kwa desturi ya asili hakuna meza ya majaji wala mtu wa kuhesabu pointi. Kila kundi linacheza upande wake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Ukiona watazamaji wako wanaanza kuchomoka mmoja mmoja kuelekea kwa mwenzako, hukumu umeshaipata kabla ngoma haijanyamaza. Lakini pia bado una nafasi ya kuwarudisha palepale, ukifanya jambo ambalo hawajapata kuliona.

Sasa fikiri hali hiyo inamfanya mchezaji awe mtu wa namna gani. Mwaka jana mwenzako alikuja na chatu begani, watu wakakuacha peke yako na ngoma yako. Mwaka huu huwezi kurudi na mikogo ileile. Ndiyo maana katika ngoma za Kisukuma utaona mambo ambayo mgeni hudhani yameanguka kutoka mbinguni: wayeye wanaocheza na nyoka hai, wawindaji wa nungunungu waliogeuza kazi yao ya kuingia mashimoni kuwa mchezo, sanamu za mbao zenye viungo vinavyochezeshwa, na bugobogobo, ambapo jembe linarushwa juu, linajizungusha hewani, linadakwa bila mdundo kupotea. Hakuna aliyekaa peke yake nyumbani akasema, nitajifunza kurusha jembe kwa sababu ni vizuri kujiendeleza. Kulikuwa na mtu upande wa pili wa uwanja.

Masimulizi yanayohifadhiwa pale Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, yanasema mambo haya yalianza katikati ya karne ya 19, kwa watu wawili waliokuwa waganga na viongozi wa ngoma, Ngika na Gumha. Kila mmoja aliamini dawa yake ndiyo kali zaidi ya kuvuta watu. Ubishi wa namna hiyo haumalizwi kwa maneno, kwa hiyo ukapelekwa uwanjani. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika. Wa Gumha wakawa Bagalu. Ngika na Gumha wamekwenda zamani, na ubishi wao bado una miguu.

Kitu ninachokipenda zaidi katika habari hii ni kwamba Bagika na Bagalu si makabila mawili wala koo mbili zenye visa vya damu. Wote ni Wasukuma. Wanalima jirani, wanaoana, wanazikana. Nyimbo zao zinaweza kumchambua mpinzani kuanzia miguu yake mibovu hadi ubahili wake, naye anasikia, anacheka, anakwenda kutunga wa kwake. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alipojenga kazi yake Bujora katika miaka ya 1950, angeweza kabisa kuukataza mchezo huo kwa kuuita upagani. Hakufanya hivyo. Aliukaribisha kwenye sikukuu, akauwekea uwanja na tarehe. Mimi nasema huo ulikuwa uamuzi wa mtu mwenye akili, maana ushindani usio na uwanja wala tarehe huishia vijiweni.

Utaniuliza, haya yote yanamhusu vipi mtu anayekimbia, anayeendesha baiskeli na kuogelea? Yanamhusu sana. Na mchezo unaounganisha hayo matatu, ambao dunia inauita triathloni, nao ulikuzwa na ubishi unaofanana kabisa na ule wa Ngika na Gumha.

Mwaka 1977, huko Honolulu katika visiwa vya Hawaii, kulikuwa na hafla ya kutoa zawadi baada ya mbio za kupokezana. Watu wamekaa, wamekunywa, mdomo umelegea. Waogeleaji wakasema wao ndio wenye pumzi kuliko wanamichezo wote. Wakimbiaji wakasema haiwezekani. Ofisa mmoja wa jeshi la majini la Marekani, John Collins, akaongeza kuni: akasema amesoma kwamba mwendesha baiskeli wa Ubelgiji, Eddy Merckx, ndiye mwenye uwezo mkubwa kuliko wote wa kutumia hewa. Basi nani bora? Collins akapendekeza jambo ambalo wengi walilicheka. Tuunganishe mbio tatu kubwa za kisiwa hiki kuwa moja: kuogelea baharini karibu kilomita 4, kuendesha baiskeli kilomita 180, halafu marathoni nzima, kilomita 42, yote kwa siku moja. Ili upate picha, kilomita 180 ni kutoka Mwanza hadi Magu, kurudi Mwanza, na kuja tena Magu. Hapo umeshaogelea, na marathoni bado inakusubiri.

Tarehe 18 Februari 1978 walijitokeza watu 15. Wakamaliza 12. Aliyeshinda ni Gordon Haller, dereva wa teksi, kwa saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Wa pili alikuwa John Dunbar, mwanajeshi, aliyekuwa mbele mwishoni mwa baiskeli, hadi Haller alipomfikia katika mbio za miguu. Wasaidizi wa Dunbar waliishiwa maji ya kumpa, wakampa bia. Msikilizaji, usijaribu kwa barabara ya Nyanguge saa sita mchana. Lakini liangalie jambo lenyewe: wote hawa walikuwa watu wa ridhaa. Hakuna fedha zilizowangoja mwishoni. Dunbar bila Haller nyuma yake angeweza kukaa chini ya mti saa nyingi tu. Na Haller bila mgongo wa Dunbar mbele yake angekimbiza nini?

Mchezo ulikua. Kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 uliingizwa kwa umbali mfupi zaidi: kuogelea kilomita 1.5, baiskeli kilomita 40, kukimbia kilomita 10. Hiyo baiskeli ya kilomita 40 ni takriban kutoka katikati ya Mwanza hadi Kisesa na kurudi, safari ambayo mchuuzi anaifanya akiwa na tenga la samaki nyuma na bado anakupungia mkono.

Wataalamu nao wamelifuatilia jambo hili la mpinzani, na si jana. Mwaka 1898 Mmarekani Norman Triplett alipitia rekodi za waendesha baiskeli wa siku zile. Akaona kwamba mtu anayeendesha peke yake akishindana na saa huwa mzito kuliko yuleyule akiwa na wenzake. Ni kweli kwamba anayekutangulia anakukingia upepo, na hilo Triplett alilijua. Kwa hiyo akawachukua watoto, akawapa kazi ya kuzungusha vigurudumu vya kuvutia nyuzi za ndoana, mahali ambapo upepo hauna neno. Nusu yao wakazungusha haraka zaidi walipowekwa wawili wawili.

Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 2014, mtafiti Gavin Kilduff wa New York akachapisha utafiti juu ya wakimbiaji wa kawaida wa klabu, watu wenye kazi zao na watoto wao. Aliangalia matokeo ya mbio zao za miaka kadhaa. Akagundua kwamba mtu akiwa na mpinzani wake halisi katika mbio, kasi yake inaongezeka kwa karibu sekunde 5 kwa kila kilomita. Katika mbio za kilomita 5 hizo ni sekunde 25 hivi. Mtu anayejua mazoezi atakuambia ni wiki ngapi za jasho zinahitajika kuzipata sekunde 25 kwa njia nyingine.

Lakini sikiliza vizuri neno hilo, mpinzani wake halisi. Si kila mtu aliyesimama pembeni yako kwenye mstari wa kuanzia. Kilduff na wenzake wanaeleza kwamba upinzani unazaliwa na mambo matatu: mnafanana, mko karibu, na mmekwishakutana mara kadhaa mkashindana kwa tofauti ndogo. Mkimbiaji bingwa wa Kenya akipita mbele yako kama upepo, hakusaidii kitu. Unamwangalia, unamsifu, unaendelea na mwendo wako. Lakini yule fundi baiskeli wa mtaa wa pili, mwenye umri wako na kitambi kama chako, aliyekupita mita 50 za mwisho Jumapili iliyopita na kisha akageuka kukuangalia, huyo utamwota.

Mimi nina wangu. Jina lake silitaji, kwa sababu anasikiliza kipindi hiki na atavimba kichwa.

Nchi hii ina kisa kimoja cha wapinzani ambacho kila mtoto wa shule angepaswa kukijua kama anavyoijua tarehe ya Uhuru. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Filbert Bayi wa Tanzania alisimama kwenye mbio za mita 1500. Hakusubiri mbinu wala kujificha katikati ya kundi. Mlio wa bastola tu, akaondoka, akaongoza mwanzo hadi mwisho. Nyuma yake kijana wa nyumbani kwao pale, John Walker, alikuwa anapunguza nafasi hatua kwa hatua katika mzunguko wa mwisho, huku uwanja mzima ukimsukuma kwa kelele. Bayi akakaza. Akamaliza kwa dakika 3, sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia. Walker, dakika 3, sekunde 32.52. Rekodi ya zamani, ya Mmarekani Jim Ryun, ilikuwa 3:33.1. Maana yake Walker naye aliivunja rekodi ya dunia siku hiyo, akashindwa. Wa tatu, Ben Jipcho wa Kenya, alikuwa sehemu ndogo tu ya sekunde nje ya rekodi ile ya zamani. Watu watatu walivutana hadi mahali ambapo hakuna aliyekuwa amefika peke yake.

Mwaka uliofuata wakaendelea kujibizana kutoka mbali. Mwezi Mei 1975, huko Kingston, Jamaika, Bayi akavunja rekodi ya maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Mwezi Agosti, huko Gothenburg, Sweden, Walker akajibu kwa 3:49.4, mtu wa kwanza duniani kukimbia maili chini ya dakika 3 na sekunde 50. Dunia nzima ikawa inasubiri wakutane kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Hawakukutana. Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilisusia michezo ile kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya makaburu. Kususia kulikuwa haki, nami silaumu. Lakini tazama matokeo ya ile fainali: Walker alichukua dhahabu kwa dakika 3, sekunde 39.17. Karibu sekunde 7 nyuma ya siku ile ya Christchurch. Mtaalamu wa mbio ataniambia kwamba fainali za Olimpiki hukimbiwa kwa kuviziana, na kwamba muda haumaanishi kila kitu. Sawa. Na mimi namjibu: wangeviziana vipi kama Bayi angekuwepo? Bayi hakuwa na tabia hiyo. Medali ilikuwepo Montreal, aliyekosekana ni Mgalu.

Wakumbuke pia Juma Ikangaa wa Tanzania na Ibrahim Hussein wa Kenya. Boston, 1988. Kilomita 42 zote, Hussein akashinda kwa sekunde moja: saa 2, dakika 8 na sekunde 43, dhidi ya 44. Mwaka uliofuata Ikangaa alikwenda New York akashinda marathoni kwa saa 2, dakika 8 na sekunde moja. Mtu akikupita kwa sekunde moja, msikilizaji, ama unaacha mchezo ama unarudi nyumbani ukiwa mtu mwingine.

Tuje sasa hapa kwetu, maana hayo ya Hawaii na Christchurch hayana faida kama hatuna pa kuyaweka.

Wilaya ya Magu ina vitu vitatu ambavyo sehemu nyingi za nchi hazina kwa pamoja. Ina barabara ndefu ya lami iliyonyooka kuelekea Musoma. Ina watu waliozaliwa juu ya baiskeli, na hili si la kujisifu bure: Usukumani baiskeli ni gari la mahari, la mgonjwa, la gunia na la mchumba, na mashindano ya baiskeli ya Kanda ya Ziwa yamekuwa yakijaza barabara kwa miaka mingi. Na ina ziwa. Mwanza mjini kuna mbio za Rock City. Kumekuwa na mashindano ya mitumbwi yaliyopata jina kupitia bia ya Balimi, ambako wapiga makasia wa visiwani, wanaume kwa wanawake, walitambiana hadi sauti zikakauka. Kwa hiyo mazoea ya kushindana yapo. Kijana wa Magu anayetaka kujaribu michezo mitatu kwa pamoja haanzii sifuri.

Baiskeli ndipo pa kuanzia, kwa sababu hapo mpinzani anapatikana bila kutafutwa. Ukitoka Kisesa asubuhi kuelekea Nyanguge, lazima kuna mtu mbele yako. Unaona mgongo wake, keria yake imebeba dumu. Miguu yenyewe inaongeza kasi kabla kichwa hakijaamua. Naye akisikia mlio wa cheni yako unakaribia, hatageuka, lakini utaona anavyoinuka kwenye kiti. Hamjasalimiana, hamfahamiani, na tayari mko mashindanoni. Tatizo la upinzani wa namna hii ni kwamba unaishia kwenye kona ya kwanza. Yeye anakata kwenda shambani, wewe unabaki unahema. Mshindani wa barabarani anakupa dakika kumi. Anayekupa mwaka mzima ni yule mliyepatana naye.

Kukimbia sitakusemea mengi. Kila mtu anajua, na milima ya mawe ya Mwanza inafundisha yenyewe.

Ila ziwani nataka tusimame kidogo. Hapa nitakuwa mkali. Ziwa Victoria si bwawa la hoteli. Kuna mamba, kuna viboko, na upepo wa Ghuba ya Speke unaweza kubadilika ukiwa umeshatoka ufukweni. Na kuna kichocho. Konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia, ya kina kifupi, yenye majani, yaani palepale ambapo mwanafunzi wa kuogelea anapenda kuanzia. Vijidudu vyenyewe hutoka kwa wingi wakati jua liko juu, katikati ya mchana. Vinapenya ngozi bila wewe kuhisi. Dawa ipo, prazikwanteli, na inafanya kazi, lakini ni vema kwanza upimwe.

Kwa hiyo kwenye maji sheria ya upinzani inabadilika. Nchi kavu unamkimbia mwenzako. Majini hupaswi kumwacha. Mnaogelea sambamba na ufuko, si kuelekea katikati ya ziwa, mtumbwi ukiwa karibu na mtu mzima ndani yake anayejua kupiga kasia, mahali ambapo wavuvi wa eneo hilo wamewaambia ni salama. Kama mwenzako amechoka, mashindano yamekwisha, na hakuna mshindi. Nasema hivi kwa sababu sisi watu wa ziwa hili tuna makaburi. Meli ya MV Bukoba ilizama, Mei 1996. Kivuko cha MV Nyerere nacho, Septemba 2018, mita chache tu kabla ya gati la Ukara. Na bado tunao wavuvi, watu wanaolala ziwani kila siku, ambao hawajui kuogelea. Kama upinzani wa vijana wawili utawafanya wajue kuogelea kilomita moja vizuri, faida yake haitaishia kwenye medali. Jambo hili linanigusa kuliko mbio na baiskeli zote mbili kwa pamoja.

Nisionekane kama mtu anayeuza upinzani bila kutaja ubovu wake. Upo. Huyohuyo Kilduff na wenzake walikuja kuonyesha baadaye kwamba mtu anaposhindana na hasimu wake yuko tayari zaidi kudanganya kuliko anaposhindana na mtu baki. Wala hatuhitaji utafiti kutoka ng'ambo. Katika ngoma zetu zipo tuhuma za zamani za kutupiana dawa, kiongozi wa ngoma akiugua anatafutwa wa upande wa pili. Mbio nazo zina maovu yake: kona zinazokatwa, baiskeli zinazoshika mkia wa lori, muda unaotangazwa bila shahidi. Alama ya kwanza ya upinzani ulioharibika ni kwamba unaanza kufurahi mwenzako anapoumwa. Ukijikuta umesikia amevunjika mguu na moyo wako umepata nafuu, acha mashindano mwezi mzima, kamsalimie hospitali.

Na kuna upinzani mwingine ambao hauharibu lakini pia haujengi. Nauita upinzani wa kochi. Simba na Yanga zimetambiana tangu miaka ya 1930, na nchi nzima inatambiana nazo. Ni burudani tupu, sitaki kugombana na mtu Jumatatu asubuhi. Lakini nimewahi kuona mashabiki wawili wakibishana juu ya pumzi za kiungo mshambuliaji, na wote wawili walikuwa wanahema kwa kupanda ngazi. Kushindana kwa niaba ya miguu ya mtu mwingine hakujawahi kumpunguzia mtu sukari wala presha. Bagika hawakai kando wakawatazama Bagika wengine wakicheza. Wanaingia uwanjani wenyewe, mama na babu na kijana wa miaka kumi na sita.

Mtu mmoja ataniambia kwamba mwanamichezo mzuri anashindana na nafsi yake. Nimelisikia sana hilo, linasemwa kwenye semina na limeandikwa nyuma ya daladala. Sikatai kabisa. Lakini nafsi yangu naifahamu. Nafsi yangu ni mtu mpole sana, anayenielewa. Mvua ikinyesha inaniambia lala, kesho ipo. Miguu ikiuma kidogo inaniambia pole. Sijapata kuona mpinzani mwenye huruma kama huyo. Yule mwenzangu nisiyemtaja hana huruma hiyo. Mvua ikinyesha, hunitumia ujumbe mmoja tu: uko wapi?

Na angalia pia kwamba yeye ndiye mtu anayejua, kuliko mke wangu, kuliko daktari wangu, ni lini goti langu lilianza kusumbua na ni mwezi gani niliacha sigara. Hakuambiwa. Aliona kwa namna nilivyopanda kilima. Siku nikimpita, yeye ndiye wa kwanza kujua kwamba nimefanya kazi, na anakasirika ipasavyo. Nani mwingine duniani ataheshimu sekunde zako 20 kiasi cha kuzikasirikia?

Basi, msikilizaji wa Magu, kama unafikiria kuanza, nina mambo machache ya kukuomba. Usimtafute bingwa. Tafuta mtu mmoja mnayelingana naye, anayekaa karibu, ambaye anakushinda leo kwa kidogo au unamshinda kwa kidogo. Mwambie wazi kwamba umemchagua; akicheka, mwache acheke. Pangeni njia moja inayojulikana, mfano kutoka Kisesa hadi Nyanguge, na msiibadilishe kila wiki, ili muda wa leo uwe na maana mbele ya muda wa mwezi ujao. Tafuteni shahidi mwenye saa, mtu mzima asiyependelea. Na wekeni tarehe kubwa moja kwa mwaka. Watu wa ngoma wana Juni yao. Ninyi chagueni yenu, baada ya mavuno, barabara ikiwa kavu na watu wakiwa na nafasi ya kuja kuwazomea.

Na kabla hamjaingiza miguu ziwani, nyote wawili pitieni kituo cha afya mkapimwe kichocho. Msiende mchana wa jua kali, na msiende bila mtumbwi.